Kwa mnaoanza kusoma utandawazi huku Kusini: anzieni kwenye mizani

Wadogo zangu,

Kila msimu wa korosho unapokaribia hupokea wanafunzi wawili watatu wanaokuja Mtwara na Lindi kukusanya data za tasnifu zao. Mada hazipishani sana: utandawazi na migogoro ya rasilimali, itikadi na sera za kilimo, gesi na vurugu. Nawapeleka vijijini, nawafasiria Kimakonde pale mazungumzo yanapokwama, na jioni tunakaa kupitia walichoandika. Njia hiyo niliipita mwenyewe. Nilizaliwa Newala, nikasoma Dar es Salaam, nikarudi nyumbani mwaka 2013 na dodoso la kurasa kumi na moja. Haya ninayoandika ni yale ambayo natamani mtu angeniambia kabla sijapanda basi la Kusini.

Swali la nne katika dodoso langu lilisema: "Je, utandawazi umeathiri kipato cha kaya yako?" Majibu yalikuwa matatu: ndiyo, hapana, sijui. Nilizunguka kaya sitini na kitu, na wengi mno walijibu sijui. Nilianza kuandika kwamba wakulima wa Newala wana uelewa mdogo wa uchumi wa dunia. Sentensi hiyo nilishaiandika kabisa kwenye daftari, nikaipigia mstari.

Usiku mmoja nikiwa nyumbani nilimuuliza mama swali hilohilo, bila dodoso. Hakunijibu. Aliingia ndani, akatoka na kopo la Blue Band lililojaa risiti za chama cha msingi cha ushirika, nyingine zimefifia hadi wino umekuwa kivuli tu. Alizipanga juu ya mkeka moja moja, bila kusoma tarehe, kwa kuangalia rangi ya karatasi na kutu ya pini. "Huu mwaka wanunuzi walichelewa. Huu walisema korosho zetu zina maji. Huu tulilipwa nusu, nusu nyingine hatukuiona. Huu salfa ilipanda, nikapulizia miti thelathini tu, mingine nikaiachia Mungu." Alifika kwenye risiti moja akaishika kwa muda. Korosho hizo alikuwa amezipima nyumbani kwa mizani ya jirani, zikawa kilo mia mbili na kumi na mbili. Risiti ilisema mia mbili na tano. Kilo saba hizo alikuwa bado anazidai moyoni baada ya miaka mingi.

Mama alikuwa akiujua uchumi wa dunia kwa msimu na kwa kilo. Dodoso langu ndilo lililouliza kwa lugha isiyokuwa na mahali pa kuweka jibu lake. Kwa hiyo la kwanza ninalowaomba: msianze na neno utandawazi. Anzeni na kitu kimoja kinachopimwa, kinachouzwa na kulipwa, halafu mkifuate kinakotoka na kinakokwenda. Kwa Mtwara na Lindi kitu hicho mara nyingi ni korosho. Kinaweza pia kuwa ufuta, mbaazi, gesi, chumvi au mihogo inayovuka mto Ruvuma. Kila hatua, andikeni mambo mawili: nani aliamua hapa, na uamuzi ukienda kombo nani anabeba hasara.

Mkiifuata korosho mtashangaa. Mti wenyewe ni mgeni: Wareno waliuleta pwani hii kutoka Brazili katika karne ya 16. Salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, inakuja kwa meli. Mkulima anapalilia, anapulizia, anaokota, anatenganisha korosho na bibo (tunda lake), anaanika, anabeba mpaka chama cha msingi. Pale inapimwa na kukaguliwa unyevu, inapewa daraja, inakwenda ghala kuu. Chama kikuu kinaipeleka mnadani. Sehemu kubwa inapakiwa bandarini ingali ghafi kwenda Vietnam na India kubanguliwa, na kutoka huko baadhi yake inafika kwenye maduka ya Ulaya na Marekani ikiwa imekaangwa na kutiwa chumvi. Mkulima wa Tandahimba anaona hatua sita za mwanzo. Bei yake inatengenezwa katika hatua asizoziona.

Kama mtapata nafasi, kaeni kwenye mkutano wa mnada kijijini. Miaka kabla zabuni hazijahamia kwenye kompyuta, wanunuzi waliweka bei zao kwenye bahasha, bahasha zikatiwa kwenye sanduku. Sanduku likafunguliwa mbele ya watu, bei zikasomwa kuanzia ya juu hadi ya chini pamoja na tani ambazo kila mmoja anataka. Nilikuwapo kwenye mkutano mmoja Oktoba 2018. Msomaji alipotaja bei ya kwanza watu walikaa kimya. Alipotaja ya pili, kina mama waliokuwa mbele wakaanza kufunga vitenge vyao upya, kama wanaojiandaa kuondoka. Msimu uliotangulia kilo ilikuwa imepita shilingi 4,000, na safari hii hata bei ya juu kabisa haikufika 3,000. Kiongozi akauliza kama wanauza. Wakasema hawauzi. Hakuna aliyepiga kelele, na ndiyo maana ninaukumbuka mkutano ule kuliko mikutano mingine yenye kelele.

Kilichofuata mnakijua. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya na kuzisafirisha. Palifanyika uhakiki wa mashamba ili kuwabaini wanunuzi wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua kwa wakulima kabla ya msimu, na malipo kwa wengi yakachelewa hadi mwaka uliofuata. Wapo wanaousoma uamuzi huo kama ushujaa dhidi ya mabepari, na wapo wanaousoma kama kosa la kulazimisha soko. Ninyi msikimbilie kambi yoyote kabla hamjaongea na aliyelipwa mapema, aliyelipwa kwa kuchelewa, na aliyekataliwa kwa sababu korosho zake zilidhaniwa ni za kangomba. Watu hao watatu wanaweza kuwa wanaishi nyumba zinazotazamana.

Hapo ndipo itikadi inapoingia, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wanaitafuta kwenye hotuba. Mimi nawashauri muitafute kwenye kanuni: nani anaruhusiwa kununua, kwa mizani gani, nani anashika fedha kabla hazijamfikia mkulima, na makato yanakwenda wapi. Hotuba zinabadilika kila uchaguzi, ila kanuni ya ununuzi inaonyesha aliyeiandika anaamini nini kuhusu mkulima.

Chukueni miaka hamsini tu ya korosho. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliamini kwamba mnyonyaji ni mfanyabiashara wa kati, basi akaondolewa. Zikafuata operesheni za vijiji, zilizopamba moto kati ya 1973 na 1976: watu walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakakusanywa barabarani ili shule, maji na zahanati ziwafikie. Mikorosho haihami. Ilibaki kilomita nyingi nyuma, ikaota vichaka chini, moto ukaingia. Ubwiriunga ukaongezea, bei ya mkulima ikawa ndogo. Uzalishaji wa nchi uliokuwa tani 145,000 msimu wa 1973/74 ukashuka hadi takriban tani 16,500 msimu wa 1986/87. Katika miaka hiyohiyo zilijengwa kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, mashine za kubangua ambazo hazikuwa na korosho za kutosha za kubangua. Vijana wengi waliondoka kwenda Dar es Salaam na mizigo midogo mikononi. Jina la Wamachinga, kabila la hapa Lindi, likawa jina la wauza bidhaa barabarani nchi nzima. Huwa naumia kila nikisikia neno hilo likitamkwa kama tusi, maana ndani yake kuna miti iliyoachwa.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1991 ununuzi wa korosho ukafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Imani mpya ilisema soko huria litampa mkulima bei ya haki kwa kuwa wanunuzi watashindana. Uzalishaji kweli ulipanda tena, na hilo liandikeni kwa uaminifu hata kama hampendi soko huria. Lakini vijijini wanunuzi hawakushindana kila mahali, na kangomba ikashamiri. Wengine mnaweza kuwa hamjaiona: ni chombo cha kupimia kama bakuli, na ni jina la biashara nzima ya kununua korosho zikiwa bado juu ya mti. Mkulima ana mgonjwa mwezi wa sita, anachukua fedha, analipa kwa mabakuli mwezi wa kumi, na bakuli moja lina zaidi ya kilo.

Stakabadhi ghalani ilipoanza Mtwara msimu wa 2007/08 ilikuwa jibu kwa hayo. Korosho zinawekwa ghalani, mkulima anapata hati na malipo ya awali, baadaye malipo ya pili zikishauzwa, na bei ikiwa nzuri nyongeza ya mwisho ambayo kijijini kwetu iliitwa majaliwa. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akisema neno hilo taratibu mara mbili, kisha akanyamaza. Fedha yako mwenyewe kuitwa majaliwa! Nikaelewa kwa nini Aprili 2013 Liwale nyumba zilichomwa moto baada ya malipo ya pili kuja pungufu ya walivyotarajia. Bei ndogo watu wa huku wameizoea tangu babu zao. Pale palikuwa na kitu zaidi: walikuwa wameambiwa kiasi, wakakipangia ada na bati, kikapungua mikononi mwa watu ambao hawakuwaona wakiamua.

Ukitaka kulielewa hilo kwa kina, nenda Nandete. Nawasisitizia kila mwaka na kila mwaka mnaniambia ni mbali. Nendeni. Ni wilaya ya Kilwa, upande wa milima ya Matumbi, na huko ndiko Wamatumbi waling'oa miche ya pamba mwishoni mwa Julai 1905, Vita vya Majimaji vikaanza. Shuleni tulifundishwa habari ya maji yaliyodhaniwa yatageuza risasi, tukacheka kitoto, somo likaisha. Pamba ilitajwa kwa mstari mmoja.

Tuirudie pamba. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na bei yake ilikuwa ikiyumba. Wenye viwanda na wapenda makoloni wakaanzisha kamati ya uchumi ya makoloni mwaka 1896, na moja ya ndoto zake ilikuwa pamba itoke kwenye ardhi ya Ujerumani yenyewe, yaani ardhi yetu. Gavana Götzen akaagiza mashamba ya pamoja kuanzia 1902: kila jumbe awe na shamba, watu wake walilime, akida asimamie. Malipo yalikuwa kiduchu na sehemu nyingine watu waliyakataa kwa aibu ya udogo wake. Jambo ambalo vitabu huwa havikazii ni muda. Pamba inataka palizi wakati uleule mahindi na mtama vinapotaka palizi, na inataka kuvunwa wakati mtu anatakiwa kuwafukuza nguruwe shambani kwake. Kwa hiyo kiwanda cha Ujerumani kilikuwa kinachukua chakula cha Mmatumbi hata kabla hakijachukua pamba yake.

Mmeshafundishwa darasani hesabu ya David Ricardo ya mwaka 1817, ile ya faida linganishi: Uingereza itengeneze nguo, Ureno itengeneze mvinyo, wabadilishane, wote wapate zaidi. Hesabu hiyo ni sahihi ndani ya masharti yake, na sipendi mwanafunzi anayeidharau bila kuifanyia mazoezi. Ila ifanyie mazoezi Nandete. Nani alikuwa huru kuchagua azalishe nini? Nani alipewa nafasi ya kukataa biashara asiyoipenda? Ukishaondoa uhuru wa kukataa, faida linganishi inabaki jina la heshima la kulazimishwa.

Na maji ya Kinjikitile Ngwale pia ni itikadi, tena ilifanya kazi ambayo utawala wa Wajerumani haukuitarajia: iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni na wengine ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja. Ninalisema hili kwa sababu wanafunzi huandika kana kwamba itikadi ni mali ya wakubwa tu, ya Benki ya Dunia na Ikulu, na walio chini wana "imani" na "mila". Waandikieni wote neno moja. Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti 1905. Vita viliendelea hadi 1907, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa baada ya vyakula na mashamba kuteketezwa kwa makusudi. Makadirio ya chini ni watu 75,000, na wapo wanahistoria waliofika 250,000 na zaidi. Simameni pale kwenye mnara wa kumbukumbu wa Nandete mkiwa na namba hizo kichwani kabla ya kuandika "mgogoro" kama neno jepesi.

Karanga za Nachingwea nitazipita haraka kwa kuwa zimeandikwa sana. Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula, na Serikali ya chama cha Labour ikaanza mwaka 1947 kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikavutwa kwenda bara. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Angalieni jambo moja tu: waliokuja walikuwa wasoshalisti wenye nia njema, na bado hawakuwauliza wenyeji kuhusu mvua na udongo. Baadaye, kwenye ardhi hiyohiyo ya Nachingwea, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifanya kambi yao kuu ya mafunzo, Farm 17, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru 1975. Bandari iliyochimbwa kwa ajili ya siagi ya Uingereza ikawa sehemu ya nyuma ya vita vya ukombozi. Mwanafunzi makini anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu hilo tu.

Sasa gesi, ambayo ndiyo inayowaleta wengi wenu.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Kwa miaka mingi haikuwa na haraka. Kuanzia 2010 visima vya kina cha bahari vilipoanza kutoa habari njema, Mtwara ilibadilika machoni mwetu: viwanja vilipanda bei, nyumba za wageni zikaota, mama lishe wa karibu na bandari wakaongeza masufuria. Halafu ikaja habari ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, kwa mkopo wa China. Tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana mjini kwa amani. Januari 2013 ghasia zikafika Masasi. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati ilipothibitisha kwamba bomba lipo palepale, Mtwara ikawaka moto: majengo yalichomwa, watu walikufa, jeshi likaingia mitaani. Mimi nilikuwa nimefika na dodoso langu wiki chache kabla. Nilijifungia ndani kwa dada yangu, kata ya Chikongola, siku mbili, tukisikia mabomu ya machozi, watoto wamelazwa chini ya kitanda.

Baada ya hapo nilisoma uchambuzi mwingi uliosema watu wa Mtwara ni wabinafsi, wanataka gesi ya taifa iwe yao, au kwamba walichochewa na vyama. Nawaomba msirithi maelezo hayo. "Gesi haitoki" ilikuwa kaulimbiu, na nyuma yake palikuwa na hoja ya kiuchumi iliyo wazi kabisa: viwanda vijengwe hapa, thamani iongezwe hapa, kwa sababu tunajua kinachotokea kwa kitu kinachotoka hapa kikiwa ghafi. Watu waliosema hivyo walikuwa na miaka arobaini ya korosho ghafi nyuma yao. Hawakuhitaji mchochezi kufundishwa. Wakati huohuo, hoja ya Serikali kwamba mitambo ya umeme na wateja wakubwa wako Dar es Salaam nayo ilikuwa ya kweli. Mgogoro huu ulikuwa wa hoja mbili zenye mantiki ambazo hazikukutanishwa mezani kabla ya mabomba kuagizwa. Andikeni hoja zote mbili kwa nguvu sawa, halafu mseme kwa uwazi mnasimama wapi. Mimi nasimama na walioomba kuulizwa.

Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Na hapa kuna funzo ambalo sikulitegemea. Kuanzia katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani iliporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016. Kampuni zilizokuwa zikichimba baharini zikapunguza kazi, wataalamu wakaondoka, vyumba vikabaki wazi. Mama lishe mmoja niliyemzoea alirudi kwenye sufuria moja. Hakuandamana, maana angeandamana kwenda ofisi ya nani? Wanafunzi hufuata mahali palipowaka moto. Wadogo zangu, fuateni na mahali palipopoa. Mradi mkubwa wa kusindika gesi uliopangwa Likong'o, Lindi, umekuwa ukizungumzwa mwaka hadi mwaka, na kuna familia ambazo maisha yao yote yamepangwa kuuzunguka. Huko hakuna vurugu za kuandika gazetini, ila uchumi wa dunia umo ndani ya nyumba zao kila siku.

Kuhusu ng'ambo ya Ruvuma, yaani kaskazini mwa Msumbiji, nitasema kwa uangalifu, nanyi mfanye hivyohivyo. Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia, Machi 2021 wakaingia Palma karibu na mradi mkubwa wa gesi, na mwezi uliofuata kampuni ya Total (sasa TotalEnergies) ikatangaza kusimamisha utekelezaji. Oktoba 2020 moto huo ulivuka hadi Kitaya, kijiji cha Mtwara. Darasani mtaambiwa vita vya namna hii vinaelezwa kwa tamaa ya rasilimali, au kwa kinyongo cha waliotengwa, au kwa itikadi ya dini. Mkishakaa na watu wenye ndugu pande zote za mto mtaona maelezo hayo hayasimami kila moja peke yake. Kijana anaweza kuwa na kinyongo cha ardhi, akakutana na mhubiri anayempa jina la kinyongo hicho, na baadaye akabaki porini kwa sababu ya fedha au hofu. Uliza ni lipi lilitangulia.

Lakini usiulize hilo Kitaya. Nasema kabisa: vijiji vya mpakani msiende na maswali ya usalama. Kila aliyepoteza mtu kule anajua kwamba jibu linaweza kumrudia. Tasnifu yenu haina uzito wa kulinganishwa na hilo.

Mengine ni ya kawaida. Barua ya chuo ipitie mkoani, halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na mkifika salimieni kwanza wazee, karatasi baadaye. Korosho ni Oktoba hadi Desemba, mkija Machi mtaongea na watu wanaokumbuka, hamtaongea na watu wanaouza. Msimu wa jando na unyago mjue kwamba fedha ya korosho inakwenda huko, na msiiandike kama "matumizi yasiyo na tija" kabla hamjahesabu nani alichangiwa na nani atamchangia nani mwakani. Kaanikeni nanyi korosho siku moja, mikono iingie utomvu. Na msilipe kwa majibu, nunueni uraka (pombe ya mabibo) au chai, mkae.

La mwisho ni kurudisha matokeo. Nilipomaliza tasnifu niliogopa kurudi kijijini kuisoma, lakini nilirudi. Chama cha msingi kilinipa nusu saa baada ya kikao chao, chini ya mwembe. Nilisoma kwa Kiswahili chepesi, kisha kwa Kimakonde. Nilipofika mahali niliposema wakulima wanauza kwa hasara kwa sababu hawana taarifa za soko la dunia, mzee mmoja aliinua mkono.

"Mwanangu, hapo futa," akasema. "Simu tunazo. Bei ya Vietnam mjukuu wangu ananisomea. Tunajua kabisa kwamba korosho hii tukiishika mpaka Februari inaweza kupanda. Ila Januari shule zinafunguliwa. Yule mnunuzi korosho anaweza kuiweka. Serikali inaweza kuiweka. Mimi siwezi kuiweka."

Mwanamke mmoja nyuma yake akaongeza kwamba hata kangomba ni hivyohivyo, anayenunua ananunua miezi minne ya kusubiri.

Nilitoa kalamu nikafuta sentensi ile mbele yao. Kisha nilirudi Dar es Salaam nikaiandika upya sura yote ya nne, nikianzia Nandete na palizi ya pamba, hadi kwenye gesi ambayo kampuni zinaweza kuiacha chini ya bahari miaka kumi zikingoja bei. Nikawa sasa na swali la tatu la kuongeza kwenye yale mawili niliyowapa mwanzoni: nani, kati ya hawa wote, anaweza kusubiri.

Msimu huu nitakuwa Newala kuanzia wiki ya pili ya Oktoba. Mama bado analo lile kopo, na amekubali mlione, mradi mnawe mikono kwanza.